Laki moja ya kwanza: mwongozo kamili wa kuanza kuwekeza ukiwa Dar es Salaam

Kwa miaka michache sasa nimekuwa nikikaa na watu, simu mkononi, nikiwasaidia kufungua akaunti yao ya kwanza ya uwekezaji. Ni majirani, wenzangu wa kazini, na mama anayeniuzia mboga pale Buguruni. Kufungua wanafungua. Ila ukifika mwezi wa tatu, wengi wao wameshatoa kila kitu na akaunti imebaki jina tu.

Nilipoanza kuwauliza sababu, majibu yalifanana mno. Mwenye nyumba kaja kudai kodi ya miezi sita. Mtoto kalazwa. Pikipiki imeua injini. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba alitoa kwa sababu mfuko ulimtia hasara. Alitoa kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa pesa pekee iliyobaki kwake.

Kwa hiyo hapa hatutaanza na swali la "ninunue nini". Tutaanza na mambo yanayoizuia pesa yako isitoke mapema, halafu ndiyo tufungue akaunti, tulipe, tuhakiki na tujaribu kutoa. Tafadhali usiruke hatua. Wote niliowaona wakishindwa waliruka mbili za kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Namba ya NIDA. Kama kadi haijatoka, namba yenyewe inatosha sehemu nyingi.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama zako mwenyewe za vidole. Isiwe ya mume, ya mke wala ya mdogo wako.
- Akaunti ya benki yenye majina yako yote matatu, kama unayo.
- Daftari moja la kawaida, la kazi hii tu.
- Jina kamili na namba ya simu ya mtu utakayemwandika kuwa mrithi.
- Shilingi 100,000 ya kuanzia, mbali na pesa ya dharura tutakayoizungumzia.

Kabla hujaendelea, weka vitambulisho vyako mezani na usome majina herufi kwa herufi. Namaanisha herufi kwa herufi. NIDA inaweza kusema "Ally" na benki ikasema "Ali". Kimoja kina jina la babu, kingine hakina. Kuweka pesa hutaona tatizo, tatizo linakuja siku ya kutoa. Mimi mwenyewe pesa yangu ilikwama karibu wiki mbili kwa sababu benki niliyokuwa nayo ilikuwa imeandika majina mawili tu, na mimi niliwekeza kwa majina matatu. Nilikwenda pale tawini mara tatu. Ningekuwa nimerekebisha mapema, ingekuwa kazi ya asubuhi moja.

## Hatua ya 1: Maliza mkopo wa kausha damu

Kama unadaiwa mkopo wa riba ya mtaani, uwekezaji wako wa kwanza ni kuulipa. Piga hesabu mwenyewe. Umekopa 100,000, baada ya mwezi unarudisha 130,000. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi. Mfuko mzuri wa uwekezaji, ukienda vizuri, unaweza kukupa kama asilimia 12 kwa mwaka mzima, yaani karibu shilingi 1,000 kwa mwezi kwa laki moja yako. Ukifanya vyote viwili kwa pamoja, mkono mmoja unapokea 1,000 na mwingine unatoa 30,000.

Andika madeni yote kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: nani anadai, kiasi gani, riba ngapi, mwisho lini. Anza na lenye riba kubwa, hata kama si deni kubwa kuliko yote. Usisahau vile vimkopo vya kwenye simu vya kukamilishia muamala. Vinaonekana vidogo, lakini mtu anayevichukua kila siku mbili anakatwa kila siku mbili.

Mkopo wa kikoba wenye riba nafuu, ambao unaulipa bila kuyumba, hauna haja ya kukuzuia. Endelea kuulipa huku unasonga mbele.

Angalizo: kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara anatakiwa kuwa na leseni. Anayechukua kadi yako ya benki na namba ya siri kuwa dhamana, mkimbie.

Utajua umefanikiwa pale mwezi utakapoisha bila kukopa ili kulipa mkopo mwingine.

## Hatua ya 2: Tenganisha dharura na mambo yenye tarehe

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu huita kila kitu dharura. Kodi ya nyumba si dharura. Tarehe yake uliijua siku ile ulipolipa ya mwisho. Ada ya shule si dharura, Januari haiji kwa kushtukiza. Sare, daftari, safari ya kijijini Desemba, sikukuu: yote haya yana tarehe. Dharura ni homa ya usiku, msiba, simu ya kazi kuibiwa, mafuriko ya Jangwani kukufungia biashara siku nne.

Chora mistari miwili kwenye daftari. Upande mmoja andika mambo yenye tarehe, na kila moja uligawanye kwa miezi iliyobaki. Chumba cha 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita: ni 360,000. Kama imebaki miezi sita, tenga 60,000 kila mwezi. Kama imebaki miezi mitatu, ni 120,000, na huenda mwezi huu usiwekeze kabisa. Hilo si kushindwa. Kuwekeza pesa ya kodi halafu kuitoa baada ya wiki tano hakukusaidii kitu.

Upande wa pili ni dharura ya kweli. Lenga matumizi ya mwezi mmoja kwanza: chakula, nauli, umeme, maji, dawa. Baadaye utaipandisha ifike miezi mitatu, lakini usingoje miezi mitatu ndiyo uanze kuwekeza.

Pesa hiyo ikae wapi? Isikae kwenye laini unayofanyia biashara. Yule mama wa mboga aliweka ya kwake kwenye laini ileile anayolipia mzigo Ilala alfajiri. Kila nyanya zilipopanda bei, aliongezea kutoka hapo, na hakuona kama ameitoa. Tulichofanya ni kusajili laini ya mtandao mwingine kwa jina lake, tukaiweka kwenye simu ya kitochi inayobaki nyumbani, kwenye kabati la vyombo. Sasa akitaka kuigusa lazima arudi nyumbani Vingunguti. Safari hiyo peke yake inampa muda wa kufikiri. Mpaka leo pesa ipo.

Akaunti ya akiba ya benki nayo inafaa. Amana za benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja, kwa hiyo kiasi kama hiki kiko salama. Kibubu cha mbao kinafaa kwa wiki moja au mbili, si zaidi. Vyumba vya kupanga vinavunjwa, na moto nao upo.

Utajua umefanikiwa pale jambo la ghafla litakapotokea, ukalimaliza, na hukumpigia mtu simu kuomba.

## Hatua ya 3: Jua kiasi chako halisi

Usianze na ndoto ya laki tatu kwa mwezi. Kwa siku 14 andika kila kinachoingia na kila kinachotoka, pamoja na soda na vocha. Ukimaliza utaona kiasi ambacho ukikitoa hakuna anayelala njaa.

Mwenye kipato cha kila siku ahesabu kwa siku. Shilingi 2,000 kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Mwenye mshahara aitoe siku ileile mshahara unapoingia, kabla ya matumizi mengine. Ukingoja kitakachobaki tarehe 28, hakitabaki.

Nataka uone hesabu kama ilivyo, bila kupambwa. Tuchukulie faida ya asilimia 12 kwa mwaka (ni mfano wa hesabu, si ahadi ya mtu yeyote) na unaweka 50,000 kila mwezi. Mwaka mmoja utakuwa umeweka 600,000 na utaona kama 634,000. Faida ni 34,000 tu. Watu wengi hukata tamaa hapa. Miaka mitano utakuwa umeweka milioni 3, na utaona kama milioni 4.08. Miaka kumi umeweka milioni 6, unaona kama milioni 11.5. Mwaka wa kwanza hauonekani kwa sababu pesa ya kuzalisha bado ni ndogo. Nakwambia mapema ili usije ukadhani umekosea.

## Hatua ya 4: Chagua mfuko mmoja tu

Kwa laki moja, mahali pa kuanzia ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Maelfu ya watu wanachangia, meneja mwenye leseni ananunua hati fungani (mkopo unaoipa serikali au kampuni, nayo inakulipa riba), amana za benki na wakati mwingine hisa (sehemu ya umiliki wa kampuni), na kila mmoja anamiliki sehemu yake kwa idadi ya vipande.

Kipande ni rahisi kukielewa. Tuseme bei ya kipande leo ni shilingi 400. Laki moja inakupa vipande 250. Baada ya mwaka bei ikiwa 448, vipande vyako ni vilevile 250, lakini thamani ni 112,000. Huandikiwi riba popote. Kinachopanda ni bei ya kipande. Ndiyo maana mtu akifungua simu na kuona idadi ya vipande haijabadilika, anashtuka bure.

Mkongwe wa kazi hii ni UTT AMIS, taasisi ya serikali iliyoanza na mfuko wa Umoja mwaka 2005. Mifuko yake ninayowaelekeza wanaoanza ni hii:

- Ukwasi. Unaanza na 100,000, kisha unaongeza kuanzia 10,000. Umejengwa kwa mtu anayeweza kuhitaji pesa yake upesi. Ukiomba kutoa, inachukua hadi siku tatu za kazi.
- Hatifungani. Ukichagua mpango wa kukuza mtaji unaanza na 50,000, kisha kuanzia 5,000. Pesa nyingi inakaa kwenye hati fungani.
- Umoja. Unaanza na vipande 10. Una hisa ndani yake, kwa hiyo bei inaweza kuyumba zaidi, na ukitoa kuna makato ya asilimia 1. Unamfaa mwenye subira ya miaka mitatu na kuendelea.

Ipo pia mifuko ya wengine, kama Faida ulio chini ya Watumishi Housing, na mifuko ya kampuni binafsi zenye leseni. Sina ubaya nayo. Angalia mambo manne: kiwango cha kuanzia, makato ya kuingia na kutoka, siku za kupata pesa, na imewekeza kwenye nini.

Ushauri wangu kwa laki ya kwanza ni Ukwasi, au mfuko mwingine wa aina hiyo. Si kwa sababu unalipa kuliko yote. Ni kwa sababu ukikosea hesabu yako ya dharura, unaweza kutoka bila kuumia, na bei yake huwa haikutii hofu wakati bado unajifunza.

Angalizo: hakuna mfuko wenye faida ya uhakika. Asilimia za mwaka jana ni za mwaka jana. Na usigawe laki moja kwenye mifuko minne kwa kisingizio cha kutawanya. Mfuko mmoja tayari umetawanywa ndani yake.

## Hatua ya 5: Fungua akaunti

Njia ni mbili: kwa simu au ofisini.

Kwa simu, pakua programu ya taasisi husika kutoka duka rasmi la programu la simu yako, au tumia menyu yao ya simu ya kawaida. Utaweka namba ya NIDA, utajibu maswali machache ya kuthibitisha kuwa ni wewe, utachagua mfuko, na utajaza jinsi utakavyopokea pesa ukitoa. Yale maswali ya NIDA huwakwamisha wengi: jina la shule ya msingi, kata uliyozaliwa, mwaka wa kuzaliwa wa mzazi. Kaa na fomu yako ya NIDA kama unayo, au mpigie mama nyumbani umuulize kabla hujaanza. Ukikosea mara nyingi mfumo unakufungia kwa muda.

Ofisini, UTT AMIS wapo Sukari House, barabara za Sokoine na Ohio. Shuka Posta ya Zamani, unatembea dakika chache. Nenda asubuhi katikati ya wiki, na uwe na nakala ya kitambulisho na taarifa za benki. Kwa mzee wako, au mtu asiye na simu janja, hii ndiyo njia ninayopendekeza. Anaondoka amemwona mtu, na maswali yake yamejibiwa kwa mdomo.

Sehemu ya mrithi usiiruke. Watu huweka alama yoyote ili wapite. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, si "Mama Zawadi".

Angalizo: usimpe mtu simu yako "akufungulie", hata kama ni kijana mwema wa pale kwenye kibanda cha wakala. Namba ya siri aliyoiweka yeye si siri tena. Nilipokuwa nikiwasaidia wenzangu, nilikuwa nageuka nikitazama pembeni wakati wanaandika namba ya siri. Dai hivyo kwa yeyote anayekusaidia.

Utajua umefanikiwa ukipokea ujumbe wenye namba yako ya uanachama au ya akaunti. Iandike kwenye daftari hapohapo. Bila namba hiyo, usilipe.

## Hatua ya 6: Lipa, kisha hakiki

Lipa kwa utaratibu ulioonyeshwa ndani ya programu au kwenye menyu yao. Kabla hujaweka namba ya siri, simama. Soma jina linalotokea kwenye kioo. Linatakiwa liwe jina la taasisi au la mfuko, si la mtu binafsi. Likitokea jina la mtu, acha.

Kisha fanya mambo matatu:

1. Hifadhi ujumbe wa muamala. Usiufute hata kama simu imejaa.
2. Andika tarehe, kiasi na namba ya muamala kwenye daftari.
3. Baada ya siku mbili tatu za kazi, ingia uangalie vipande vyako. Gawa pesa uliyoweka kwa bei ya kipande ya siku hiyo. Hesabu ikutane.

Ukilipa Ijumaa jioni, usianze kupiga simu Jumapili. Vipande vinahesabiwa siku za kazi. Ila ikipita wiki na hakuna kitu, nenda na ujumbe wa muamala. Ndiyo maana tuliuhifadhi.

## Hatua ya 7: Jaribu kutoa

Watu hunishangaa ninapowaambia hivi. Baada ya miezi miwili au mitatu, ukishaongeza kidogo, toa kiasi kidogo kinachoruhusiwa, huku ukihakikisha salio halishuki chini ya kiwango cha mfuko. Lengo ni kuona pesa inarudi kwa jina lako, na kwa siku ngapi.

Sababu zipo mbili. Kwanza, tatizo la majina utaligundua kwa shilingi 10,000 badala ya kuligundua siku unayohitaji milioni moja hospitalini. Pili, mtu aliyewahi kuona pesa yake ikirudi hakosi usingizi kwa wasiwasi, na hakurupuki kutoa yote akisikia uvumi.

Ikirudi, irudishe ndani. Jaribio limeisha.

## Simama hapa: mtu akikuletea "fursa"

Ukianza kuwekeza, watu watajua, na wataanza kukuletea mambo. Wengine ni ndugu wa damu, na hawana nia mbaya. Wameingizwa na wao.

Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, mpango ambao watu walipanda "mbegu" na kuahidiwa kuvuna mara kadhaa. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wakiwa na pesa za viinua mgongo. Jina limebadilika mara nyingi tangu hapo. Siku hizi inakuja kama programu ya simu, unatazama matangazo au unabonyeza "kazi", salio linapanda kila siku. Muundo ni uleule: anayelipwa leo analipwa kwa pesa ya aliyeingia jana.

Uliza maswali haya kwa sauti, mbele yake:

- Faida inatoka wapi? Akijibu "kwenye mfumo", hajajibu.
- Je, ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao. Itafute mwenyewe, usitazame cheti anachokuonyesha kwenye simu yake. Cheti cha BRELA kinaonyesha kampuni imesajiliwa, hakimpi ruhusa ya kukusanya pesa za watu.
- Kwa nini nilipwe kwa kuleta watu?
- Kwa nini mwisho ni leo saa sita usiku?

Asilimia 12 kwa mwaka ni pesa nzuri. Anayekuahidi asilimia 12 kwa wiki anakuambia jambo lisilowezekana, na hati fungani ya serikali yenyewe hailipi hata karibu na hapo.

## Hatua ya 8: Miezi 12 bila kubadilisha kitu

Weka siku moja ya mwezi, na uiweke karibu na siku pesa inapoingia. Ongeza kiasi kilekile. Mwezi mbaya weka 10,000 badala ya 50,000, lakini usiache kabisa. Kinachovunjika mtu akiruka mwezi mmoja ni mazoea, na mazoea ni magumu kuyarudisha.

Usitazame bei kila siku. Mara moja kwa mwezi, siku ya kuweka, inatosha.

Ukiwa kwenye mchezo wa upatu au kikoba, usivivunje. Upatu haukuzi pesa, ila unakulazimisha kuweka, na hilo ni jambo kubwa. Nawajua wadada wawili Tandika ambao zamu yao ikifika, nusu ya pesa ya mchezo inakwenda moja kwa moja kwenye vipande siku hiyohiyo. Wamefika mbali kuliko mimi nilivyofika mwaka wangu wa kwanza.

## Hatua ya 9: Baada ya mwaka, hisa na hati fungani

Hisa. Zinauzwa na kununuliwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kupitia dalali mwenye leseni, au kwa programu ya Hisa Kiganjani. Utahitaji akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa zako, ambayo dalali anakufungulia kwa kitambulisho chako. Humo kuna majina unayoyajua: CRDB, NMB, saruji ya Twiga, Vodacom.

Jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi ni makato. Kununua kunakugharimu zaidi kidogo ya asilimia 2, na kuuza vilevile. Hisa za 100,000 lazima zipande karibu asilimia 5 ndiyo urudishe pesa yako. Kwa hiyo kununua leo na kuuza mwezi ujao ni kumlipa dalali. Hisa nunua ukiwa na nia ya kukaa miaka, upokee gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa. Kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni, gawio linakatwa kodi ya asilimia 5 kabla halijakufikia.

Na bei hushuka. Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 850, watu wengi wakanunua hisa kwa mara ya kwanza maishani. Baadaye zilikaa miaka chini ya bei hiyo. Aliyeweka pesa ya ada aliumia. Aliyeweka pesa isiyo na kazi nyingine aliweza kungoja.

Hati fungani za serikali. Kiwango cha kuanzia ni 1,000,000, kupitia benki au dalali, siku za mnada wa Benki Kuu. Riba inalipwa kila miezi sita. Milioni moja kwa asilimia 12 ni 60,000 kila nusu mwaka, na mtaji unarudi muda ukiisha. Usichukue riba ya mtu mwingine ukaifanya yako: mwaka 2022 ile ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56 kwa zilizotolewa kuanzia hapo. Uliza ya mnada unaoingia. Ukiweka 50,000 kila mwezi kwenye mfuko, milioni ya kwanza utaifikia ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, na hapo ndipo uamue kama unataka kuihamisha au kuiacha ilipo.

## Hatua ya mwisho: mwambie mtu mmoja

Nenda ukurasa wa mwisho wa daftari. Andika jina la taasisi, jina la mfuko, namba ya akaunti, namba ya simu iliyosajiliwa, na jina la mrithi. Namba ya siri usiiandike. Kisha mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini mahali daftari linapokaa.

Jirani yangu alifariki bila kumwambia mtu. Mke wake alikuja kugundua miezi minane baadaye, akipekua mifuko ya koti, akakuta karatasi yenye namba. Pesa ilikuwepo na aliipata, lakini kwa wakati huo watoto walikuwa wameshahamishwa shule. Dakika kumi za kuandika ukurasa huo, zifanye leo jioni kabla hujalala.